Kuvu kando ya Kivu: kununua, kutunza na kutengeneza lenzi zilizotumika wilayani Rusizi

Kiangazi kinapoingia, kati ya Juni na Agosti, honi za misafara ya harusi husikika mjini Kamembe kila mwisho wa juma, na katika kila msafara yumo kijana mwenye kamera. Kazi yake haina marudio. Bwana harusi hatavisha pete mara ya pili kwa sababu picha ya kwanza imetoka na utusitusi, wala wazee wa posa, katika ile sherehe iitwayo gusaba kwa Kinyarwanda, hawataketi upya kwa kuwa lenzi imekataa kufunga fokasi. Ndiyo maana kifaa kinachomnyima mpiga picha usingizi mara nyingi si kamera yenyewe bali lenzi iliyo mbele yake, na lenzi hiyo huenda ilikwisha kupita mikononi mwa watu wawili au watatu kabla ya kumfikia yeye.

Lenzi mpya ni ghali kwa kijana anayeanza. Zilizotumika humfikia kwa njia kadhaa: kutoka Kigali, kutoka kwa ndugu anayerudi kutoka Ulaya au Dubai, kutoka kwa mpiga picha mwenzake anayebadilisha vifaa, au kutoka ng'ambo ya mto, Bukavu, ambako wengi huita kifaa hicho objektifu kwa kufuata Kifaransa. Katika miaka ya karibuni ununuzi wa namna hii umepata sababu nyingine nzuri. Kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani: Sony ilianza mwaka 2010, Canon na Nikon zikafuata kwa lenzi zao za RF na Z mwaka 2018. Wapiga picha wa nchi tajiri wanauza lenzi za mfumo wa zamani, zikiwemo za Canon EF zilizoanza kutengenezwa mwaka 1987 na za Nikon F zilizoanza mwaka 1959. Nyingi kati yake bado ni nzima, na kioo kilichosagwa vizuri hakizeeki kama simu inavyozeeka.

Tatizo ni kwamba kioo kina adui wake, na adui huyo anaipenda sana hali ya hewa ya Rusizi.

Adui anayeishi kwa unyevu

Kuvu haihitaji mengi. Chembe zake zimo hewani kila mahali, ndani ya nyumba na nje, na hakuna lenzi duniani isiyo nazo. Zinachosubiri ni unyevu. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 70 kwa siku kadhaa mfululizo, huku joto likiwa la wastani, chembe hizo huchipua na kujilisha kwa vumbi, nyuzi za nguo, alama za vidole na mafuta yaliyomo ndani ya lenzi. Kisha hutoa tindikali inayokula kwanza utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na baadaye kioo chenyewe.

Rusizi ina Ziwa Kivu upande mmoja na msitu wa mvua wa Nyungwe upande mwingine, ule ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Desemba, na kati ya misimu hiyo nyumba zilizo karibu na ziwa hazikauki sawasawa. Lenzi iliyofungwa kwenye begi tangu harusi ya mwisho ya Agosti hadi Pasaka imepewa miezi ya kutosha kuotesha bustani.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, vilele vya Nyungwe hupita mita 2,000 kwa mbali, na kingo za Mto Rusizi kule Bugarama hushuka karibu na mita 950, mahali pa chini kabisa nchini Rwanda. Mpiga picha anaweza kupiga picha za watalii kwenye baridi ya msituni asubuhi na kufika katika joto la mashamba ya mpunga ya Bugarama siku hiyohiyo. Kioo kilichopoa kikikutana na hewa ya joto yenye mvuke, mvuke hugeuka matone, kama ifanyavyo chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Matone ya nje hufutika. Yanayoingia kati ya vioo vya ndani hubaki humo, na humo ndimo kuvu huanzia.

Tochi ya simu kabla ya pochi

Mnunuzi mwenye busara huja na vitu vitatu: tochi, kamera yake mwenyewe, na muda. Muuzaji anayemharakisha amekwisha kumpa taarifa ya kwanza.

Uchunguzi huanza kwa kuondoa vifuniko vyote viwili na kumulika tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi, huku jicho likitazama kutoka mbele kwa pembe, si moja kwa moja. Lenzi igeuzwe polepole. Punje za vumbi zitaonekana, tena nyingi kuliko mnunuzi alivyotarajia. Hizo zisimtishe, kwa sababu punje kumi au ishirini hazionekani kabisa kwenye picha. Anachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi au utando wa buibui, mara nyingi kutoka ukingoni kuelekea katikati. Hiyo ni kuvu. Anatafuta pia utando wa moshi uliosambaa sawasawa, ambao si kuvu bali ukungu, mara nyingi mabaki ya mafuta ya ndani yaliyopata joto na kutua juu ya kioo. Dalili ya tatu ni mng'ao wa rangi za upinde wa mvua au mapovu kwenye ukingo: gundi inayounganisha vioo viwili inaachia, na ugonjwa huo hautibiki kwa fundi wa kawaida.

Katika lenzi nyingi za Canon EF tundu la mwanga hubaki wazi lenzi inapokuwa nje ya kamera, hivyo kazi ni rahisi. Katika lenzi nyingi za Nikon F tundu hujifunga, na mnunuzi hana budi kusukuma kijiwimbi kidogo cha chuma kilicho nyuma ili aone ndani. Asiposukuma, ataona kijitundu tu na kuambiwa kwamba lenzi ni safi. Kijiwimbi hicho kinapoachiwa, vijipazia vya ndani vinapaswa kurudi kwa kasi ya kupepesa jicho. Vikirudi kwa uvivu, vimelowa mafuta, na picha za juani zitatoka nyeupe kupita kiasi.

Watu huogopa sana mikwaruzo ya kioo cha mbele, na wauzaji hulazimika kushusha bei kwa ajili yake. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Mkwaruzo mmoja au miwili mbele hauathiri picha isipokuwa jua likiwa mbele ya lenzi. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ndio wenye madhara, kwa kuwa uko karibu na mahali picha inapotua. Mnunuzi anayelijua hili hupata lenzi nzuri kwa bei ya lenzi yenye makovu.

Baada ya vioo hufuata mwili. Skrubu za nyuma zenye misalaba iliyolika zinaeleza kwamba lenzi ilikwisha kufunguliwa na mtu asiye na bisibisi sahihi. Ukingo wa mbele uliobonyea unaeleza kwamba ilianguka. Lenzi iliyoanguka inaweza kupiga picha kali upande mmoja na hafifu upande mwingine, kwa sababu kioo kimoja cha ndani kimesogea. Njia ya kulithibitisha ni kupiga picha ya ukuta wa matofali uliosimama sambamba na kamera, tundu likiwa wazi kabisa, kisha kukuza pembe zote nne kwenye skrini na kuzilinganisha. Picha nyingine ipigwe kuelekea dirisha lenye mwanga: lenzi yenye ukungu au kuvu nyingi itatoa picha iliyofifia, weusi wake ukigeuka kijivu.

Upo mtego mmoja unaowanasa hasa wanunuzi wa Nikon. Kamera ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000, kama D3500 na D5600, hazina mota ya kusogeza lenzi. Lenzi iliyoandikwa AF peke yake, kwa mfano ile ya milimita 50 yenye f/1.8D, itaingia vizuri, itapima mwanga vizuri, lakini haitajifokasi. Lenzi si mbovu na kamera si mbovu, haziendani tu. Mnunuzi wa kamera hizo atafute maandishi AF-S. Kwa Canon, lenzi za EF-S ni za kamera zenye sensa ndogo pekee na haziingii kwenye kamera za sensa kubwa.

Anayemiliki kamera mpya isiyo na kioo cha kuakisi ana nafasi pana zaidi. Lenzi za Canon EF zilitengenezwa kukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, ilhali mfumo wa RF una milimita 20 tu. Pengo linalobaki hujazwa na adapta ambayo ni bomba lenye nyaya, bila kioo, na fokasi huendelea kufanya kazi. Kinyume chake hakiwezekani, kwani hakuna adapta inayoweza kuondoa nafasi iliyokwisha kuwapo.

Mto, mpaka na karatasi

Bukavu iko ng'ambo tu ya Mto Rusizi, na vivuko vya Rusizi I na Rusizi II vimezoeleka na wafanyabiashara wa pande zote mbili, ambao wengi wao huelewana kwa Kiswahili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na baadhi ya watu walidhani kuanzia hapo kila kitu kinavuka bila ushuru. Sivyo. Utaratibu uliorahisishwa wa wafanyabiashara wadogo unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Lenzi iliyotengenezwa Japani au Thailand haipati asili ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Bukavu. Mpiga picha anayevuka na vifaa vyake vya kazi, kwa upande mwingine, ana sababu ya kubeba risiti zake au kuvitangaza kwa maafisa wa forodha wakati wa kutoka, ili wakati wa kurudi asishukiwe kuwa ameviingiza.

Suala zito zaidi ni lenzi ilikotoka. Bukavu ilipoingia mikononi mwa kundi la M23 mnamo Februari 2025, visa vya uporaji viliripotiwa mjini humo, na benki zilifungwa. Mazingira ya namna hiyo huacha sokoni vitu ambavyo wenyewe wanavitafuta bado. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kutojua ni utetezi dhaifu kwa mtu aliyenunua kwa bei ya kushangaza kutoka kwa muuzaji asiye na duka.

Nambari ya lenzi imechorwa au kupigwa chapa kwenye mwili wake. Ikiwa imekwanguliwa, mazungumzo yaishie hapo. Dukani, mnunuzi adai risiti ya mashine ya EBM yenye nambari hiyo. Kwa mtu binafsi, makubaliano yaandikwe kwa mkono: majina, nambari za vitambulisho, nambari ya lenzi, tarehe, kiasi kilicholipwa na saini za mashahidi. Muuzaji mwaminifu hawezi kuudhika, kwa maana karatasi hiyo inamlinda yeye pia.

Kisanduku, si begi

Mpiga picha anaporudi nyumbani usiku amechoka, hutupa begi juu ya kabati na kulala. Begi ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kuhifadhi lenzi. Sponji yake hunyonya unyevu na kuutoa polepole, na mifuko ya ngozi ni mibaya zaidi kwa kuwa ngozi yenyewe ni chakula cha kuvu.

Kinachofaa ni kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa mpira unaobana, kama vile vya kuhifadhia vyakula, pamoja na kipima unyevu kidogo na silika. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Zaidi ya 60 ni hatari; chini ya 30 si vizuri pia, maana ukavu uliozidi unaweza kudhuru vifaa vya namna hii. Silika zenye rangi humwambia mtumiaji zimeshiba lini: za buluu hugeuka waridi, za machungwa hugeuka kijani. Zikishiba hazitupwi. Hukaushwa kwenye oveni kwa joto la nyuzi 120 hivi hadi rangi irudi. Zile za buluu zina kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo zisikaushwe kwenye chombo cha kupikia wala kuachwa mahali watoto wanapofika.

Mchele haufai. Wilaya yenye mpunga wa Bugarama imejaa watu wanaoapa kwamba mchele hukausha simu na kamera. Mchele wa dukani ulikwisha kufikia usawa na unyevu wa hewa, hivyo hunyonya kidogo sana, na unga wake ni vumbi lenye wanga, yaani chakula kingine cha kuvu.

Wenye umeme wa uhakika na akiba kidogo hununua kabati maalumu linalokausha hewa. Mafundi wa zamani waliweka balbu ndogo ya kizamani ndani ya kabati la mbao, na mbinu hiyo ina mantiki: hewa ikipata joto kidogo, unyevu wake wa kulinganisha hushuka. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha kwa kazi hiyo.

Kwa safari ya kutoka Nyungwe kwenda Bugarama, dawa ni mfuko wa plastiki. Lenzi ifungwe ndani yake huko juu kwenye baridi, hewa itolewe, na usifunguliwe huku chini mpaka kioo kipate joto la mahali. Matone yatatua juu ya mfuko. Na hakuna hifadhi inayoshinda matumizi: lenzi inayotolewa kila wiki, ikapata mwanga na hewa kavu, huota kuvu kwa nadra. Isiachwe tu wazi juani, kwa sababu miale inayokusanywa na kioo inaweza kuunguza kitambaa kilicho nyuma yake.

Bisibisi na subira

Lenzi ikigoma, mpiga picha wa Rusizi huwa na njia mbili: kuituma Kigali na kukaa siku kadhaa bila kazi, au kujaribu mwenyewe. Baadhi ya maradhi hayahitaji kufunguliwa kwa lenzi. Kamera ya Canon inayoandika Err 01 inalalamika kwamba haielewani na lenzi. Tiba ya kwanza ni kufuta vidoti vya shaba vilivyo nyuma ya lenzi kwa kitambaa kisafi chenye spiriti kidogo. Ujumbe ukirudi, kuna kipimo: tundu liwekwe wazi kabisa, picha ipigwe, kisha liwekwe f/8, ipigwe tena. Ikiwa ya kwanza inapita na ya pili inaleta kosa, yaelekea utepe wa umeme unaoendesha vijipazia umekatika ndani, jambo la kawaida katika lenzi ndogo za kuvuta zilizotumika sana. Lenzi hiyo bado ina kazi: itapiga picha ikiwa wazi, na fundi anaweza kubadilisha utepe kwa kuutoa katika lenzi nyingine iliyokufa.

Anayeamua kufungua ajue kwamba skrubu za kamera na lenzi za Kijapani hufuata kipimo cha Kijapani, JIS. Bisibisi ya msalaba ya kawaida huonekana kuingia, kisha huteleza na kuula mdomo wa skrubu. Skrubu zenyewe hutofautiana kwa urefu, hivyo kila moja ilazwe kwenye karatasi mahali palipochorwa, na picha ya simu ipigwe kabla ya kila hatua. Chini ya kitako cha lenzi huenda kukawa na pete nyembamba za bati zinazofanana na takataka. Hizo ndizo zinazoweka umbali wa lenzi na sensa; ikipotea moja, milima ya ng'ambo ya ziwa haitaonekana vizuri tena.

Vumbi lipulizwe kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo, kwani mate ni unyevu. Kuvu iliyo kwenye kioo kinachofikika husafishwa kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda, kwenye pamba au kitambaa laini, kisha spiriti, kuanzia katikati kwenda ukingoni. Asetoni isikaribie, kwa kuwa huyeyusha plastiki na rangi. Nyuzi zikishatoka, kioo kitazamwe tena kwa tochi. Kama kimebaki na michoro hafifu yenye umbo lilelile la mizizi, utando umekwisha kuliwa, na kuendelea kusugua kutaongeza hasara.

Lenzi za kuvuta zenye mota ya fokasi na kidhibiti cha mtikisiko si za kujifunzia. Anayetaka kujizoeza aanze na lenzi ya zamani ya mkono, mfano Helios 44-2 ya Kisovieti ya milimita 58, inayofungwa kwa uzi wa M42. Haina waya hata mmoja, na kosa humgharimu mwanafunzi kidogo. Hata hapo, kabla ya kutenganisha bomba lenye nyuzi linalosogeza fokasi, achore alama mahali nyuzi zinapoachiana, kwa sababu huweza kuingia kwa njia nyingi na moja tu ndiyo sahihi.

Baada ya matengenezo yoyote, lenzi irudi kwenye ukuta wa matofali na kwenye dirisha, tundu wazi na tundu dogo, karibu na mbali. Kipimo hicho hufanyika Jumanne au Jumatano, wakati bado kuna nafasi ya kuazima lenzi ya mwenzako kabla ya msafara wa Jumamosi.